Kalibu Inayojua Kuachia



Sisi tunaowaandikia ni kikundi cha vijana wa Ankoro, mahali ambapo mto Luvua, utokao ziwa Mweru, unaingia katika mto Lualaba. Tulikusudia kutengeneza misalaba midogo ya kioo, ya kuvaliwa shingoni, kwa ajili ya watoto 37 waliokuwa wakijiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza. Katika kazi hiyo tulijifunza namna ya kuchanganya udongo, mchanga na plasta ili kupata kalibu ya kuyeyushia kioo. Tulijifunza pia jambo ambalo hatukulitafuta, na ambalo linatuaibisha hata leo: tulimhukumu mwenzetu bila haki. Tunayaeleza mambo hayo mawili pamoja kwa sababu yalitokea pamoja, na kwa sababu la kwanza ndilo lililotufundisha kulielewa la pili.

Wazo lilianza na vipande vya chupa. Chupa nzima ya bia hurudishwa kwa muuzaji, lakini iliyovunjika haina mwenyewe. Hutupwa nyuma ya maduka ya vinywaji, mvua huifukua, na mtoto anayekimbia peku huikanyaga. Tulikuwa tumesikia kwamba Wakrobo wa Odumase, nchini Ghana, husaga chupa kuukuu na kuzigeuza kuwa shanga ndani ya kalibu za udongo walizozifinyanga wenyewe. Na kwamba huko Arusha, Tanzania, kuna karakana iitwayo Shanga ambamo watu wenye ulemavu huyeyusha chupa zilizotumika na kutengeneza vyombo na mapambo. Tukasema: ikiwa chupa inaweza kuwa shanga, kwa nini isiwe msalaba?

Wala asidhani mtu kwamba kazi ya kalibu ni ngeni katika nchi yetu. Ukiupanda mto Lualaba kutoka hapa unafika ziwa Kisale, na kando yake pako Sanga. Mnamo 1957 na 1958 wataalamu wa mambo ya kale walichimba makaburi ya Sanga wakakuta humo misalaba midogo ya shaba. Haikuwa misalaba ya Kristo. Ilikuwa mali na fedha ya wazee wetu, karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kukanyaga hapa. Mafundi wa shaba wa Katanga waliitwa walaji wa shaba, na mnamo 1926 Monsinyori de Hemptinne alichapisha makala juu ya kazi yao. Matanuru yao waliyajenga kwa udongo wa kichuguu, na shaba iliyoyeyuka waliimimina katika umbo la msalaba lililochorwa mchangani. Mchanga ulishika umbo kwa kitambo tu. Shaba ilipokwisha kuganda, ulifukuliwa na umbo likapotea. Msalaba wenyewe umedumu hadi leo. Jambo hilo tulilisikia mwanzoni, lakini hatukulitafakari.

Kioo, hata hivyo, hakifanyi kama shaba. Shaba huyeyushwa kwanza, kisha humiminwa. Sisi, kama Wakrobo, tulitia kioo kikiwa bado chenga ndani ya kalibu, tukaviingiza vyote viwili tanuruni. Maana yake ni kwamba kalibu haina budi kuvumilia moto uleule unaovumiliwa na kioo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kioo cha chupa huanza kulegea kwenye joto la digrii 700 hivi, na ili chenga ziungane na kuijaza kalibu mpaka pembeni, joto linapaswa kupita digrii 800. Hatukuwa na kipimo, tulitumia macho. Tanuru likiwa jekundu lililofifia, bado. Likikaribia rangi ya chungwa lililoiva, ndipo.

Tulianza kwa kiburi. Tulisema: moto ni mkali, basi kalibu na iwe ngumu kuliko moto. Tulichukua udongo mzito wa kando ya mto, tukaukanda, tukachonga ndani yake umbo la msalaba, na juu ya kila umbo tukasimamisha kijiti kidogo cha udongo uleule ili kiache tundu la kupitishia uzi. Kalibu mbili zilipasuka zikikauka, kabla hata ya kuuona moto. Nyingine nne tulizichoma mpaka zikawa imara kama tofali, tukazijaza chenga za kioo, tukawasha makaa na kuvuta mivukuto saa tatu mfululizo. Tulipofungua tanuru siku ya pili, kioo kilikuwa kimeyeyuka vizuri, tena kiling'aa. Lakini kilikuwa kimegandamana na udongo kama ngozi na nyama. Na kila msalaba, bila kuacha hata mmoja, ulikuwa na ufa uliotoka kwenye lile tundu la uzi.

Baadaye tulielewa sababu yake, nasi tunaitaja mapema ili msipotee kama sisi. Kila kitu kikipata moto hupanuka, na kikipoa husinyaa. Lakini vitu havisinyai kwa kipimo kimoja. Kioo husinyaa zaidi kuliko udongo uliochomwa. Kwa hiyo kioo kinapopoa hukibana kile kijiti kilicho katikati yake. Kijiti kikiwa kigumu, hakirudi nyuma. Na kwa kuwa mmoja hana budi kushindwa, kioo ndicho kinachopasuka. Kumbe ugumu tuliojivunia ndio uliovunja kazi yetu.

Wakati huo hatukujua hayo. Tulifikiri tatizo ni udongo wetu, kwamba ni kitu cha kienyeji kisichofaa. Tulikuwa tumesoma kwamba mafundi wa kioo wa nchi nyingine huchanganya plasta na unga wa mchanga mweupe, nusu kwa nusu kwa uzito, kisha hutia maji. Plasta hushikamanisha, mchanga huvumilia moto. Tukachanga fedha. Wengine waliuza mihogo, wengine samaki, na mwenzetu mmoja aliuza redio yake. Fedha hizo tulimkabidhi yule aliyekuwa mtunza vifaa wetu, kijana ambaye wadogo wote wa kikundi walimwita Yaya, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kuimba. Alisafiri mpaka Kalemie, sehemu ya njia kwa pikipiki na sehemu kwa mtumbwi, katika majira ya mvua. Baada ya siku nyingi alirudi na gunia la kilo 25 la plasta. Alikuwa amelivika nailoni, na juu ya nailoni koti lake mwenyewe.

Siku aliyorudi tulifurahi, tukafungua gunia, tukaishika ile plasta iliyokuwa laini kama unga wa ngano. Tukampa ruhusa achukue kopo moja akatengeneze mguu wa sanamu ya Bikira Maria iliyoanguka nyumbani kwao. Kisha zikaja kazi za mashamba, ukaja mtihani wa shule, na gunia likakaa ghalani. Miezi miwili ilipita.

Tulipokutana tena kuanza kazi, tulichota plasta, tukaichanganya na mchanga, tukatia maji, tukamimina, tukangoja. Plasta njema huganda kwa muda usiozidi nusu saa. Yetu ilibaki uji mpaka jioni, na kesho yake ilikuwa tope lililokauka, ukiigusa inamomonyoka. Tukajaribu mara ya pili na mara ya tatu. Ndipo mmoja wetu akasema neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni: huenda plasta hii ilinunuliwa kwa bei nafuu, na fedha iliyobaki ikajua ilipokwenda. Mwingine akaongeza kwamba, kama si hivyo, basi aliilowesha mtoni kwa uzembe akatuficha. Hakuna aliyepinga. Wengine walikaa kimya, na kimya chao kilihesabiwa kuwa ndiyo.

Yaya alisimama akasema, "Nimeleta kile nilichouziwa, na niliifunika kuliko nilivyojifunika mimi." Tukamdai stakabadhi. Akatuonyesha karatasi iliyofutika wino kwa jasho na mvua. Tukaitazama kama watu wanaotazama kosa. Akaiweka mezani, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja kwenye mazoezi ya kwaya, wala ile nyingine. Wadogo waliuliza habari zake. Tuliwajibu kwamba ana shughuli.

Kwa kuwa fedha ilikuwa imekwisha, tulirudi kwenye udongo, lakini safari hii tulikwenda kuomba msaada. Pembezoni mwa mji kuna bibi mzee mfinyanzi ambaye sote tunamwita Nkambo. Vyungu vyake vimepika chakula katika nusu ya nyumba zetu. Tulipomweleza shida zetu alitaka kwanza kuiona kalibu iliyopasuka. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akauliza, "Humu ndani mmetia nini?" Tukasema: udongo, Nkambo, udongo safi. Akacheka kwa upole. "Wanangu, udongo safi ndio unaopasuka. Unajibana wenyewe kwa wenyewe, hauna pa kupumulia."

Akatufundisha kutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika mpaka viwe kama chenga za mahindi, na kuvitia katika udongo, kikombe kimoja cha vigae kwa vikombe viwili vya udongo. Vigae vimekwisha kupita motoni. Havisinyai tena, navyo huuzuia udongo mbichi usijibane. Kisha alitutaka tuongeze kiganja cha pumba za mpunga. Pumba huungua ndani ya tanuru na kuacha vijishimo, na kalibu yenye vijishimo huwa nyepesi tena huvunjika bila kupigana na mtu. Alitukataza kutwanga vigae na mchanga vikiwa vikavu, akatuamuru tuvinyunyizie maji na kufunga vitambaa puani, kwa maana vumbi la mchanga likiingia kifuani halitoki. Tunawasihi nanyi mshike amri hiyo. Ni ya kweli, nayo huua polepole.

Juu ya kugandamana kwa kioo, Nkambo alisema mara moja: pemba. Ni ule udongo mweupe ambao wazee wetu Waluba waliupaka mwilini katika ibada na sherehe zao. Wakrobo nao hupaka udongo mweupe wa namna hiyo ndani ya kalibu zao, kwa sababu hauyeyuki wala haushikwi na kioo. Tuliukoroga ukawa kama maziwa mazito, tukapaka mara mbili, tukaacha ukauke kivulini.

Likabaki tundu la uzi. Hapo tulikumbuka habari nyingine ya Wakrobo. Wao hawasimamishi kitu kigumu katikati ya shanga. Husimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Kikonyo hushika mahali pake wakati unga wa kioo unapojazwa, kisha moto ukipanda huungua kikawa majivu, na tundu hubaki. Tulicheka tulipolitaja. Kila siku mama zetu huchambua sombe na kuvitupa vikonyo hivyo kwa kuku. Kitu tulichokihitaji kilikuwa kimelala uani.

Tukiwa bado katika maandalizi hayo, mama yake Yaya aliingia uani kwa Nkambo akiwa na kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kifuniko chake na utepe wa mpira. Hakutusalimu kwa ukali, wala hakuketi. Alisema, "Sanamu ilihitaji vijiko viwili tu. Hii iliyobaki ni mali yenu." Akaenda zake.

Ilikuwa plasta ya gunia lilelile, iliyochotwa siku ileile mbele ya macho yetu. Tulichukua kikombe kimoja, tukaichanganya na mchanga mweupe uliochekechwa, tukatia maji. Baada ya robo saa iliganda. Ukiigonga, ilitoa sauti kama kigae.

Hatukusemezana. Kila mmoja alikuwa ameelewa. Plasta ni jiwe la jasi lililochomwa kwa joto la digrii 150 hivi mpaka likapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ndiyo sababu unga wake una kiu, na ukipewa maji huyanywa na kurudi kuwa jiwe. Lakini ukiuacha mahali penye unyevu, huyanywa maji ya hewa kidogo kidogo ndani ya gunia, na siku ya kazi kiu imekwisha. Gunia letu lilikuwa limekaa miezi miwili ya mvua juu ya sakafu ya udongo, mdomo wazi, katika ghala ambalo funguo zake tulikuwa nazo sisi. Yaya alilifunika kwa koti lake njia nzima. Sisi hatukulitafutia hata ubao mmoja wa kulilaza.

Tulitaka kwenda kuungama, na baadhi yetu tulimweleza katekista. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kwake mmekwisha kwenda?" Hatukuwa tumekwenda. Ilikuwa rahisi zaidi kwetu kupiga magoti kanisani kuliko kubisha hodi katika nyumba ile.

Tulikwenda jioni, kikundi kizima, hata wale walionyamaza. Tulisema kwamba kosa lilikuwa letu: la gunia na la ulimi. Yaya alitusikiliza akiwa ameinama. Kisha alisema, "Fedha mliihesabu yote, mpaka faranga ya mwisho. Miaka tuliyokaa pamoja hamkuihesabu." Hatukuwa na jibu, na tunashukuru kwamba hakuna aliyejaribu kulitafuta. Mama yake alituletea maji ya kunywa. Tukakaa mpaka giza likaingia.

Siku ya kuchoma alikuja. Hakusema mengi, alishika mvukuto. Tuliweka kalibu kumi na mbili: nne za plasta na mchanga kutoka kwenye lile kopo, na nane za udongo wa Nkambo zilizopakwa pemba. Kila kalibu tuliijaza chenga za chupa moja tu, kwa maana chupa za viwanda mbalimbali hazisinyai sawa, na ukizichanganya huachana hata baada ya kuungana. Moto tuliupandisha taratibu, ili maji yaliyojificha ndani ya kalibu yatoke bila kuzipasua. Tanuru lilipofikia rangi tuliyoitaka, tulingoja kidogo, kisha tukaziba kila tundu kwa tope na majivu, tukaondoka. Kioo kinachopozwa haraka hubeba maumivu ndani yake yasiyoonekana, na siku moja huvunjika kwa kuguswa tu. Tuliliacha tanuru usiku mzima na mchana uliofuata.

Tulipofungua, kalibu za plasta zilivunjika kwa vidole, kwa kuwa plasta ikipita tena katika moto hupoteza maji yake na kudhoofika. Mchanga ndio unaoisaidia kusimama mpaka kazi iishe. Zile za udongo ziliachia kwa kugongwa kidogo, na nyingine tulizipaka pemba upya tukazitumia tena. Mahali pa vikonyo palikuwa na majivu kidogo. Tulipuliza, tundu likaonekana. Misalaba mitano ilitoka mizima, mitatu ya rangi ya kahawia na miwili ya kijani. Saba iliharibika, lakini safari hii tulijua kwa nini.

Tuliendelea kuchoma kila Jumamosi. Siku ya Komunyo ya Kwanza tulikuwa na misalaba 29. Watoto wanane waliobaki tuliwachongea ya mti, na hatukumsikia hata mmoja akilalamika. Yaya aliimbisha kwaya siku ile. Lakini tulipomwomba apokee tena mfuko wa kikundi, alikataa kwa heshima, na mpaka leo anakataa. Tumejifunza kutomsukuma. Kusamehewa tumesamehewa, kuaminiwa ni jambo linalopoa taratibu, nasi ndio tulioliharakisha moto.

Tangu siku ile neno moja la Nkambo halitutoki. Tulimwuliza kalibu njema ni ipi. Akasema, "Ni ile inayoshika wakati wa moto, na inayoachia wakati wa kupoa." Kikundi nacho ni kalibu. Kinatakiwa kuwa na sheria, hesabu na stakabadhi. Bila hizo hakuna umbo, na hatusemi ziachwe. Lakini kikundi kigumu, kisichokuwa na mahali pa kupumulia, humbana mtu wake katikati mpaka apate ufa, kisha husema: tazameni, kioo hiki kilikuwa kibovu.

Mtakapokutana katika vikundi vyenu, tunawaomba mjiulize maswali mawili. Je, yuko mwenzetu ambaye hajaonekana tangu tulipomwuliza jambo mbele ya wote? Na gunia tunalomdai yeye, ni nani kati yetu aliyekuwa na funguo za ghala?

Ni sisi wenzenu, vijana wa Ankoro.